Juice WRLD alituambia kila kitu, sisi tukashika melodi tu

Mleta mada

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni prodyuza, chumba changu cha kurekodia kipo Nkuhungu hapa Dodoma. Kuta nimezifunika trei za mayai na magodoro yaliyochoka. Mwezi wa saba upepo ukishika kasi tunasimama mpaka utulie, maana bati la paa linaingia kwenye maiki kuliko mwimbaji mwenyewe. Kazi hii nimeianza 2014, kwa hiyo mengi nitakayosema nimeyaona yakipita mlangoni kwangu.

Zamani dogo akija kurekodi alikuja na daftari. Mistari imeandikwa, imekatwa, imeandikwa tena kwa kalamu ya rangi nyingine. Unampa biti, anachana, mnamaliza. Mwishoni mwa 2018 wakaanza kuja wasio na daftari. Anaingia, anasema, "Kaka niwekee biti ya gitaa, yenye huzuni." Anavaa hedifoni, anafumba macho, anatoa sauti zisizo na neno hata moja, anazunguka nazo dakika mbili tatu. Halafu maneno yanaanza kudondoka juu ya ile sauti, moja moja. Huwezi kusema anaimba kama Bongo Fleva tuliyoizoea, wala huwezi kusema anachana. Nikamuuliza mmoja, wa mwaka wa pili pale chuo kikuu cha UDOM, hii umeitoa wapi? Akanipa simu yake nisikilize. Juice WRLD.

Kwa wasiomjua: ni rapa na mwimbaji, jina lake la kuzaliwa ni Jarad Anthony Higgins. Alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 2 Desemba 1998, akakulia Homewood, kusini nje kidogo ya jiji hilo. Alilelewa na mama yake peke yake, Carmela Wallace, mama mcha Mungu ambaye hip hop haikuruhusiwa nyumbani kwake. Na hapa kuna jambo ambalo kama mtu wa muziki linanigusa sana. Lile katazo la mama lilimjenga. Mtoto kanyimwa rapu, akaenda kuokota muziki kwenye michezo ya video, ule wa Tony Hawk wa ubao wa magurudumu na ule wa Guitar Hero, ambako yamejaa magitaa ya roki. Rapu ya Chicago akaisikia kwa wenzake shuleni. Masikio yake yakabeba vyote viwili. Na mama huyohuyo ndiye aliyemlipia masomo ya piano angali mdogo kabisa, kisha gitaa na ngoma. Shuleni akapuliza tarumbeta. Mnaosema vijana wa aina hii hawajui muziki, naomba mrudi hapo mpasome tena.

Alianza kwa kurekodi na simu na kupandisha kwenye SoundCloud, mtandao wa kusikiliza muziki. Alipomaliza sekondari alipata kibarua kiwandani, wiki mbili hazikuisha wakamwachisha. Akaangukia mikononi mwa prodyuza kijana mwenzake, Nick Mira. Biti ya wimbo wake uliomtoa, Lucid Dreams, ni gitaa la wimbo wa mwanamuziki Mwingereza Sting wa mwaka 1993, Mira akalikata na kuliwekea ngoma, na Jarad akamwaga juu yake maumivu ya kuachwa na msichana. Wimbo huo ulipanda mpaka nafasi ya 2 kwenye chati ya Marekani ya Billboard Hot 100 mwaka 2018. Kabla haujafika huko kampuni ya muziki ya Interscope walikuwa wameshamsaini kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 3. Alikuwa na miaka 19. Albamu ya kwanza ikatoka Mei 2018, ya pili, Death Race for Love, Machi 2019, ikaanzia namba 1. Tarehe 8 Desemba 2019 alifariki.

Hesabuni wenyewe. Toka albamu ya kwanza mpaka kaburini ni mwaka mmoja na nusu na siku chache.

Alikuwa ametua uwanja wa Midway, Chicago, kwa ndege ya kukodi kutoka California. Maofisa wakapekua mizigo, yeye akashikwa na degedege palepale. Januari 2020 mchunguzi wa vifo alitangaza: sumu ya oksikodoni na kodeini mwilini, yaani dawa za maumivu, kifo cha bahati mbaya. Siku sita tu zilikuwa zimepita tangu atimize miaka 21.

Kinachoninyima raha ni hiki. Hakuficha. Vidonge vimo kwenye nyimbo, hofu imo, kukesha bila usingizi kumo. Rapa mwenzake Lil Peep alipofariki Novemba 2017 akiwa na miaka 21, na rapa XXXTentacion alipouawa Juni 2018 akiwa na 20, Jarad aliwaimbia wote wawili, na ndani ya wimbo ule akasema rika lao halivuki miaka 21. Dunia ikaimba naye. Madogo wangu hapa Nkuhungu walikuwa wakiuimba mlangoni wakisubiri zamu, na mimi nilikuwa ndani nasikiliza namna anavyoishusha noti ya mwisho, nikijiuliza nitaipataje kwa maiki yangu.

Karibuni tuzungumze.

Mdau wa Kizota

Mkuu nakuheshimu kwa kazi yako, ila hapa sikubaliani na wewe. Kijana kajimaliza kwa vidonge, leo tunamwandikia uzi mrefu. Dodoma hii hii ilikuwa na rapa wetu Ngwair, yaani Albert Mangwea. Kasoma hapa, watu wa hapa tunamjua. Ukimpa biti yoyote anakumwagia mitindo huru, mistari ya papo kwa papo, mpaka unachoka wewe. Alifia Johannesburg, 28 Mei 2013, hata miaka 31 hajafika. Nani kamwandikia uzi wa namna hii? Tunakimbilia vya mbali wakati vya kwetu vinaota majani.

Mleta mada

Kaka wa Kizota, kwa Ngwair sina ubishi na wewe hata kidogo. Mimi nimeanza kuupenda muziki kwa wimbo wake Ghetto Langu. Na umetaja jambo ambalo ndilo linalowaunganisha. Mwaka 2018 Jarad alikwenda London kwenye kipindi cha redio cha Tim Westwood, wakamwekea biti za rapa Eminem, akachana mitindo huru zaidi ya saa nzima. Saa nzima, hana karatasi. Nyimbo zake nyingi zilizaliwa hivyohivyo, anaingia kwenye maiki na kutoa kilichopo kifuani siku hiyo.

Mtu wa mitindo huru hana muda wa kuchuja. Anayeandika anaweza kukata mstari unaomuumbua. Huyu unampata alivyo. Ndiyo maana nasema tungemsikiliza tungemjua.

Mzee wa Chamwino

Vijana, nawasoma. Hiyo sauti isiyo na maneno ambayo mleta mada anasema imekuja na simu kutoka Chicago, mimi nimezaliwa nikaikuta. Mgogo akipiga zeze lake jioni haanzi na maneno. Anaanza na sauti, inapanda, inavunjika, inarudi chini, na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, inamfuata. Maneno yanakuja yenyewe, mengine ya kilio, mengine ya njaa, mengine ya ng'ombe waliokufa mwaka wa ukame. Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliibeba sauti hiyo duniani kote akitokea hapa kwetu. Wajukuu wetu wanaitafuta Marekani kwa bando wakati bibi zao wanayo.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa mahali ambapo nilikuwa nimepanga kufika baadaye, acha nifike sasa.

Mwaka 2021 alikuja dogo mmoja, bibi yake ni wa huko huko Chamwino. Nikamwekea biti ya gitaa kama kawaida yao. Akaanza kuimba, mimi nikawasha programu ya kunyoosha sauti, kwa sababu madogo wote wanaitaka, ndiyo inayowapa ile rangi ya Juice WRLD. Kila alipofika noti fulani ya juu, programu ikawa inaivuta. Ikasikika vibaya, kama mtu anayesukumwa wakati anatembea. Nikadhani dogo anakosea. Nikamrudisha mara ya tatu, ya nne, noti ni ileile na programu inaikataa kila mara. Nikaizima. Ikasikika tamu ajabu.

Ndipo nikaelewa. Programu ile imepangwa kwa noti za piano. Noti za Kigogo zinafuata milio ya asili inayopatikana kwenye uzi mmoja unaotetema, na kuna ile ya saba inayokaa chini kidogo ya ile ya piano. Dogo hakuwa nje ya noti. Alikuwa kwenye noti ya bibi yake. Nikatafuta mtu wa Majengo mwenye ilimba, tukaiweka pale lilipokuwa gitaa. Katika kazi zangu zote hiyo ndiyo ninayojivunia, na isingekuwepo kama dogo asingefunguliwa mdomo na kijana wa Homewood. Alipata ruhusa kwa Jarad, sauti akaikuta nyumbani.

Mwalimu wa sekondari

Mimi nafundisha kidato cha tatu na nne. Kuna namba 999 ambayo wapenzi wa huyo Juice WRLD wanaichora, nimeifuta ubaoni na kwenye madawati mara nyingi nikidhani ni mambo ya kishetani au genge. Ina maana gani? Naomba jibu la kweli, wazazi wananiuliza.

Mleta mada

Mwalimu, ni 666 iliyogeuzwa. Jarad mwenyewe alieleza kuwa maana yake ni kuchukua jambo baya linalokukuta na kuligeuza kuwa jema. Kwa wanaoiandika ni kama hirizi. Nimeiona kwa chaki mlangoni kwangu, na kwenye kibao cha matope cha bodaboda pale Sabasaba. Ukimkuta mwanafunzi kaichora, usimchape mwalimu wangu. Mkalishe chini umuulize kuna nini.

Muuguzi, hapa Dodoma

Nimesita kuandika, lakini niseme kidogo kwa upande wa kazi yangu.

Kodeini na oksikodoni ni ndugu, zote za jamii ya afyuni. Kodeini imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu, na ini hugeuza sehemu yake kuwa mofini. Dawa hizi hupunguza maumivu, na pia hupunguza kasi ya kupumua. Mtu akichanganya mbili, au akizidisha, ubongo unaacha kukumbusha mapafu kazi yake. Mwili wa aliyezoea unadai kiasi kikubwa zaidi kupata utulivu uleule, lakini kinga dhidi ya kuacha kupumua haikui kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa kwa miaka na kufa siku moja. Wazazi mkikuta chupa nyingi tupu za dawa ya kikohozi chumbani kwa kijana asiyekohoa, ulizeni kwa upole, siku hiyohiyo.

La pili linaniuma zaidi. Mji wetu una hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe tangu 1927. Watu wanatoka mikoa yote kuja kutibiwa hapa, na sisi wenyeji tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtoto akisema jambo lisiloeleweka anaambiwa "huyu wa Mirembe". Kijana anayetetemeka usiku kwa hofu anawezaje kusema, katika mji ambao jina la msaada ndilo jina la kuchekwa? Wengi wanaotibiwa pale wanakuja asubuhi, wanaonana na daktari, wanachukua dawa, wanarudi makazini kwao. Huwezi kuwatambua mtaani. Pengine ni jirani yako.

Mleta mada

Dada muuguzi asante. Umenipa ujasiri wa kusema nililolizunguka tangu mwanzo wa uzi.

Kuna dogo mwingine, simtaji. Alikuwa anakuja usiku, saa nne, saa tano, kwa sababu usiku bei yangu ni nafuu na bati limetulia. Sauti yake ilikuwa ya pekee. Sijapata mwingine kama yeye tangu nianze. Alikuwa anaimba kwamba hajalala siku tatu. Kwamba moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu kitandani. Kwamba kuna kitu anakunywa ndipo kuta zinaacha kumsogelea. Kiswahili safi kabisa, wala si mafumbo.

Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Hiyo ya kuta irudie, hiyo ndiyo kiitikio." Akairudia. Tuliirudia mara saba mpaka ikakaa. Nikamsifu, nikamwandalia nakala, nikampa mkono, akaondoka kwa miguu kwenda kwao gizani. Sikumuuliza lini amelala. Sikumuuliza anakunywa nini. Nilikuwa na habari yote masikioni mwangu kwa hedifoni nzuri kuliko aliyonayo mtu yeyote mtaani kwetu, na nikaitumia kutafuta kiitikio.

Wiki chache baadaye aliokotwa na wenzake ghetto, hapumui vizuri. Alikimbizwa hospitali, akapona. Familia ikamchukua, akapelekwa kwa bibi yake upande wa Mpwapwa. Mama yake alikuja kwangu kuchukua begi alilokuwa ameacha. Nilimchezea ule wimbo kwa sababu aliomba kuusikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Baba, wewe ulipousikia ulielewa nini?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa nalo hadi leo.

Mdau wa Kizota

Kaka pole. Niliandika kwa ukali pale juu, naomba niyarudishe maneno yangu. Ndugu yangu wa tumbo moja alipita njia hiyo na nyumbani hatukuwahi kulitaja kwa jina lake. Tulisema malaria.

Mama wa watoto watatu, Area C

Nimesoma kimya toka mwanzo. Naomba kujua, mama wa huyo kijana wa Marekani alifanya nini baada ya msiba? Nauliza kama mama.

Mleta mada

Mama, aliamua tangu mwanzo kutoficha kilichomuua mwanawe. Alilisema hadharani, kwamba ni dawa na kwamba alikuwa na hofu na huzuni iliyomwelemea. Aprili 2020, miezi minne baada ya kuzika, alianzisha mfuko unaoitwa Live Free 999, kusaidia vijana wenye matatizo ya akili na utegemezi wa dawa wapate msaada mapema. Kampoteza mtoto mwenye sauti ya pekee, na bado akapata nguvu ya kusimama mbele za watu na kulitaja jambo kwa jina. Mimi namheshimu kuliko wasanii wote niliowataja humu.

Na zile nyimbo alizoacha, maana alikuwa amerekodi nyingi mno, zimeendelea kutoka. Albamu ya Julai 2020, Legends Never Die, iliuza sawa na nakala 497,000 wiki ya kwanza Marekani, na nyimbo 5 zikaingia kumi bora kwa mpigo.

Mdau wa Ihumwa

Hapo kwenye albamu za marehemu ndipo nisipopapenda. Mtu kafa, wenzake wanaendelea kuchota. Hakuchagua zipi zitoke na zipi zibaki. Kuna vitu mtu anarekodi usiku akiwa amevurugikiwa, asubuhi angevifuta.

Mleta mada

Kaka wa Ihumwa, nina nyimbo kumi na moja za yule dogo kwenye kompyuta yangu. Hajafa, yupo, lakini swali lako nimelala nalo. Watu wawili wameshanipigia wakitaka kuununua ule wa kuta, wameusikia kwa rafiki zake, wanasema utakuwa mkubwa. Mmoja alitaja pesa ambayo ingenibadilishia kodi ya mwaka. Nimekataa, wimbo si wangu. Na hata kama ni wangu kwa karatasi, mle ndani kuna usiku wa mtu.

Kuhusu alichokiacha Jarad kwa waliomfuata, wa huko mbele wanamtaja msanii The Kid LAROI wa Australia, ambaye alimshika mkono angali mtoto na kumpandisha jukwaani kwake. Huyo leo ni mkubwa duniani. Mimi naangalia kilichobaki huku kwetu. Vijana wa kiume wa Dodoma, tuliofundishwa kwamba mwanaume anameza, wanaingia chumbani kwangu na kusema "ninaogopa" kwa sauti, mbele ya wenzao, na wenzao hawacheki. Miaka kumi iliyopita hilo lilikuwa haliwezekani. Nilikuwepo, madogo walichana magari ambayo hawajawahi kuyapanda.

Kwa hiyo siku hizi nimebadilisha utaratibu. Kabla sijawasha maiki nakaa na dogo dakika kumi, chai ipo. Akimaliza kurekodi nasikiliza mara mbili, mara ya kwanza biti nimeizima, namsikia yeye tu. Kuna mistari ambayo ikiachwa bila biti inakutisha. Wawili nimeshawasindikiza mwenyewe mpaka Mirembe, tukakaa foleni pamoja. Mmoja alijifunika kofia ya sweta muda wote asije akaonwa. Wa pili alikutana na mwalimu wake wa zamani kwenye benchi, naye amekuja kuchukua dawa zake. Walisalimiana, wakaongea mpaka zamu ikafika.

Muuguzi, hapa Dodoma

Mungu akubariki kaka. Ukija na mwingine uliza mapokezi mapema, saa mbili asubuhi foleni ni fupi.

Mwalimu wa sekondari

Leo nimemuuliza mmoja aliyechora 999 kwenye dawati. Tumekaa mpaka kengele ya mwisho. Nitawajulisha wakuu, kwa sasa niishie hapo.

Mdau wa Kizota

Mleta mada, yule wa Mpwapwa ana hali gani?

Mleta mada

Tuliongea jana kwa simu. Analala sasa. Analima karanga na bibi yake, mikono imeota sugu, anasema gitaa litamuuma vidole tofauti. Jumamosi anapanda basi kuja Dodoma kliniki, nitampokea pale stendi ya Nanenane. Ameniomba tuufungue ule wimbo wa kuta, anataka kubadilisha vesi ya pili. Nikamuuliza unataka kuweka nini. Akasema bado hajui, kwanza aje tunywe chai.